Malaika Aliyemjua Bi Mize

Asifiwe Mola aliyewaumba malaika kwa nuru, akatuumba sisi kwa udongo, na udongo wake asiusahau! Ndugu zangu, assalaam alaykum.

Mimi ni Rukia, mjane wa Kombo, wa hapa hapa Ole. Wengi mnanijua, na mnajua kwamba si msemaji. Katika maulidi mimi ni yule anayekaa nyuma karibu na birika la kahawa. Leo nimesimama mbele. Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, kwa elimu yangu ndogo ya chuo cha Qur'ani na ya skuli nisiyoimaliza, maana nikiutegemea ulimi peke yake, sauti itanikimbia kabla sijafika penye furaha. Na furaha ipo, ndugu zangu! Nisubirini, nitafika!

Kombo alifariki msimu wa karafuu, mwaka ule siasa ilipoingia mpaka misikitini. Mnaukumbuka. Mtu aliulizwa chama chake kabla ya kuulizwa hali. Duka la huyu hakuingia yule, na kisima cha hawa hawakuteka wale. Hata maiti ilikuwa na upande: watu wa upande mmoja wakifiwa, wa upande wa pili walipita njiani kama hawakuona jeneza.

Asubuhi ile Kombo alikunywa uji, akamwambia mama yake, Bi Mwanashaame, "Mama, leo kichwa cha samaki changu, usimpe Rukia." Mama yake akamjibu, "Nenda zako, kichwa unacho tayari, hukitumii." Akacheka, akachukua kikapu chake akatoka. Kabla ya adhuhuri wakarudi naye juu ya kitanda cha kamba. Tawi lilikatika. Mkarafuu una matawi ya kudanganya, na aliyekulia chini yake anajua, lakini anapanda.

Aliishi mpaka asubuhi ya pili, lakini hakusema tena. Nilimwinamia nikamsomea shahada sikioni. Midomo yake haikutikisika. Nikasoma tena, na tena. Akaondoka bila mtu yeyote kumsikia akiitamka. Ndugu zangu, nyinyi mnaelewa hilo lilikuwa jiwe gani juu ya kifua changu!

Basi tumaini langu lote nikaliweka kwenye talkini. Sisi wanawake hatuendi makaburini, lakini tunajua kinachosomwa kule. Maiti akishafukiwa, mwalimu hukaa upande wa kichwa, akamwita kwa jina lake na la mama yake, mara tatu, akamkumbusha: watakujia malaika wawili, wasikutishe, wakikuuliza Mola wako nani, sema Allah, wakikuuliza Mtume wako nani, sema Muhammad. Nikasema moyoni: kama duniani hakuitamka, basi talkini itamwamsha aitamke huko.

Ndugu yangu Hamad alirudi kutoka makaburini, viatu vimejaa udongo mwekundu, akachutama mbele yangu. Hamad ana moyo mzuri lakini sauti yake ni ya mkutano wa hadhara hata akinong'ona. Akasema, "Nyamaza dada. Mwalimu Haji kasoma talkini mpaka watu wakalia. Kamwita kwa sauti: ewe Kombo mwana wa Mwanashaame! Ewe Kombo mwana wa Mwanashaame! Mara tatu, dada. Hawezi kuwa hakusikia."

Nikajifunika uso kwa kanga, Hamad asinione.

Kwa sababu, ndugu zangu, Kombo hakuwa mwana wa Mwanashaame.

Nitalieleza hili polepole. Bi Mwanashaame mwenyewe amenipa ruhusa, na yupo hapa, amekaa karibu na mlango. Yeye na mumewe walikuwa watu wa Msuka, huko kaskazini. Mumewe alikuwa na wake wawili, Mwanashaame na Mize, na wote wawili walishika mimba mwaka mmoja. Mwanashaame alijifungua kwanza, na mtoto wake akafa akiwa mchanga, hata jina halijazoeleka. Mize akajifungua baadaye kidogo, naye akafa yeye, mtoto akabaki. Basi Mwanashaame, maziwa yamemjaa na mikono mitupu, akamtwaa mtoto wa mke mwenziwe akamnyonyesha. Kisha mume akahamia Ole pamoja nao. Hapa watu walimwona mwanamke na mtoto mgongoni, nani angeuliza? Miaka ikapita, baba akafariki, na Ole nzima ikamjua Kombo kuwa ni mwana wa Mwanashaame.

Kombo mwenyewe aliujua ukweli akiwa mtu mzima. Alikwenda Msuka harusini, bibi mmoja wa kule akamshika mkono akasema, "Hii sura ya Mize! Wewe mwana wa Mize!" Akamhadithia yote. Kombo akarudi, akanieleza mimi peke yangu tukiwa tunapalilia muhogo. Akasema, "Mama hajapata kuniambia, na mie simuulizi. Kama kanificha, kanificha kwa mapenzi. Madamu yu hai, Rukia, jina la Mize lisitoke kinywani mwako." Nikamwahidi.

Sasa niko chini, nimekaa eda katika chumba changu, na ahadi ile imenifunga mdomo! Talkini imesomwa, lakini kwa jina la mama asiye wake. Niliwaza: Kombo ameitwa kama mtu mwengine. Ameusikia mwito, akafikiri si wake. Na wale wawili wamemfikia hana la kujibu.

Wale wawili, ndugu zangu! Munkari na Nakiri! Hao ndio malaika niliokua nao. Mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mkali, na kati ya malaika wote wa mbinguni yeye alitufundisha hao tu. Alisema macho yao ni kama sufuria za shaba, sauti yao ni radi, na mikononi wana rungu la chuma ambalo watu wote wa Pemba wakikusanyika hawalinyanyui. Nikikosea aya alinigusa bega kwa bakora yake akasema, "Basi endelea kukosea. Wapo wawili watakaokusahihisha." Nilikuwa binti mdogo, na maneno yale yaliniingia yakajenga nyumba.

Nilikaa na Bi Mwanashaame tukisuka ukili, mimi upande huu wa mkeka na yeye upande ule. Nje karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu yake imejaa nyumba nzima, karafuu zilizochumwa na mkono wa Kombo. Yule mama alikuwa haonji chakula. Alikuwa akisuka kidogo, akasita, akasema peke yake, "Sijui mwanangu sasa yuko katika hali gani." Na mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa, maana nilidhani mimi ndiye ninayejua! Nilimhurumia. Nilisema moyoni: maskini, yeye analia msiba tu, hana habari ya hili kubwa zaidi.

Nimwambie? Nitamvunja moyo na ahadi nitaivunja. Ninyamaze? Mume wangu yuko kaburini anaulizwa. Nimuulize Mwalimu Haji? Mwalimu Haji ni mtu mwema, lakini neno likimfikia yeye jua likiwa juu, likizama linajulikana mpaka Chake. Ndugu zangu, kwa hali ile sikula wala sikuomba. Nikiinua mikono kuomba dua naliona lile rungu, naishusha.

Ndipo nikakumbuka kwamba Tibirinzi yuko Shehe Mbarouk. Alikuwa na elimu, alijua kutunza siri, na juu ya yote alikuwa wa chama cha pili. Nyinyi mnacheka, lakini hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa kwangu! Hakuna mtu wa Ole aliyekuwa akisema naye. Siri yangu ingeingia kwake isipate njia ya kutokea.

Nikamwita Hamad mlangoni, nikamwambia, "Niitie Shehe Mbarouk."

"Nani?"

"Shehe Mbarouk wa Tibirinzi."

"Dada, msiba umekupanda kichwani? Yule? Mumeo kafa, yupo mtu mmoja wa kwao aliyekuja kumzika? Yupo?"

"Hayupo."

"Basi leo nimpandie baiskeli, nimpigie hodi, niseme nini? Karibu kwetu? Watu watanionaje?"

Sijui maneno haya yalitoka wapi, maana mimi si mtu wa kujibu. Nikamwambia, "Hamad, malaika aliyeichukua roho ya Kombo alikuwa wa chama gani?"

Akaenda kutwaa baiskeli.

Shehe alikuja baada ya alasiri, mzee mwembamba, kanzu yake imekunjwa mpaka magotini kwa sababu ya mnyororo wa baiskeli. Alikaa ukumbini na mimi nikakaa chumbani, pazia katikati yetu, kama inavyompasa mwenye eda. Bi Mwanashaame alikuwa uani akipepeta mchele. Hamad nikamtuma akageuze karafuu juani. Akenda, lakini alizigeuza zile za jamvi la karibu tu.

Shehe akanipa pole, kisha akasema, "Binti, mimi nimechelewa kuja katika nyumba hii, na sababu yangu ni ya aibu. Sasa nimekuja. Una swali?"

Nikasema, "Shehe, mtu akisomewa talkini kwa jina la mama asiye wake, itakuwaje?"

Sikutaja jina. Naye akanijibu kwa swali: "Wewe unawajua malaika gani?"

"Munkari na Nakiri."

"Na nani?"

"Hao, Shehe."

Akacheka! Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika nyumbani kwangu tangu msiba. Akasema, "Basi wewe ni kama mtu aliyekwenda Chake mara moja katika umri wake, akafikia kituo cha polisi, akaona maaskari wawili, akarudi Ole akawaambia watu: mji wa Chake wote ni polisi. Mji wa malaika ni mkubwa, binti! Keti vizuri nikutembeze."

Na akanitembeza! Wallahi alinitembeza! Natamani ningekuwa na ulimi wake. Alinambia kwamba wameumbwa kwa nuru, hawali, hawanywi, hawalali, si waume wala wake, na hawaijui kazi ya kuasi. Mbingu zimejaa, hapana nafasi ya kuweka mguu ila yupo mmoja amesujudu. Wapo wanaoibeba Arshi, enzi ya Mola, na hao ni wakubwa kupita fikira zetu, lakini unajua wanaomba nini wakiwa wameibeba? Wanawaombea msamaha walioamini! Yupo Jibrili, mwaminifu wa wahyi, aliyeshuka na Qur'ani. Yupo Mikaili, aliyepewa mvua na riziki, na Shehe akanionyesha kwa sauti yake tu kule shamba langu la muhogo, akasema hapana jani lililolowa pale bila ya amri iliyopita kwake. Yupo Israfili na parapanda yake mdomoni, amesimama tangu aliposimamishwa, anasikiliza tu, anangoja neno moja. Yupo Maliki, bawabu wa moto, asiyecheka, na yupo Ridhwani, bawabu wa pepo.

"Na kila mmoja yuko mahali pake," alisema. "Jibrili ni mkubwa wao, na aliye chini hamuonei choyo. Hapana anayegombea kiti cha mwenziwe. Hapana anayepiga kampeni."

Kule nje Hamad akakohoa.

"Namuona ndugu yako anasikiliza," Shehe akasema. "Zigeuze karafuu, bwana, zinaungua upande mmoja."

"Zimeshageuka, Shehe!" Hamad akajibu kwa sauti yake ile ya mkutano.

Kisha Shehe akashusha sauti. "Sasa nije kwenye swali lako. Wanavyuoni wanasema, mtu asiyejulikana mama yake, kwenye talkini huitwa mwana wa Hawa. Je, Hawa ndiye aliyemzaa huyo mtu?"

"Siye, Shehe."

"Na inafaa?"

Nikasogea karibu na pazia. Kitu kilikuwa kinafunguka kifuani mwangu.

"Inafaa! Kwa sababu talkini ni ukumbusho na dua, nayo tunamwomba Mola anayesikia kilicho moyoni. Hatuwaandikii malaika anwani ili wasipotee njia. Unadhani Munkari na Nakiri wanafika kaburini wakauliza: samahani, hapa ni kwa nani? Malaika wa mauti alipomfikia huyo mtu wako, alimuuliza jina la mama yake?"

"Hakumuuliza," nikasema, na machozi yananishuka.

"Na kabla ya hao yupo mwengine ambaye watu humsahau kwa sababu hatishi. Mtoto akiwa bado tumboni, Mola humtuma malaika. Huja mle gizani, akampulizia roho, akaandika riziki yake na ajali yake, siku ya mauti, na amali yake. Fikiri, binti! Kabla mkunga hajamshika, kabla baba hajamwona, kabla ya jina, alikuwapo malaika ndani ya tumbo la mama yake. Tumbo la mama yake hasa! Wanadamu wanaweza kukosea mama. Yule atakosea vipi? Alikuwemo!"

Ndugu zangu, nilisahau eda, nilisahau pazia, nikapiga takbiri! Allahu akbar! Mimi, Rukia wa birika la kahawa! Nilimwona Mize, mwanamke nisiyepata kumwona, amelala Msuka katika ujauzito wake, na nuru imo ndani yake inamjua Kombo wangu kabla yangu!

"Na shahada?" nikauliza haraka, kama mtoto anayeona sahani ya pili. "Shehe, hakuitamka alipokufa. Nilimsikiliza mimi mwenyewe."

"Alikuwa akiswali?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nimjue."

"Basi Rakibu na Atidi, malaika waandishi, walikuwa mabegani mwake wakiiandika shahada yake katika kila swala. Ameiandikisha umri wake wote, binti, wewe unalilia siku moja ambayo mdomo wake ulivunjika? Mola hamdai kiungo alichokwisha kukichukua."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikuliwaza. Nyuma yangu mlango wa uani ukafunguka. Bi Mwanashaame alikuwa amesimama, ungo wa mchele bado ameushika, na mchele unamwagika sakafuni bila yeye kujua. Akasema, "Litaje jina lake, Rukia. Sema Mize."

Nikainama kuokota mchele, ahadi ya Kombo bado nimeishika.

"Basi nitasema mie. Mize! Mize! Mke mwenzangu!" Akaketi pale pale juu ya mchele. "Shehe, mie ndiye mwongo. Hamad aliposema wamemwita kwa jina langu, nilijua nimemfungia mwanangu mlango wa kaburi. Sili, silali. Nikasema, nikimwambia Rukia atanichukia. Kumbe naye anajua! Umejuaje, mwanangu? Nani kakwambia?"

Ndugu zangu, yule mama na mimi tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, tunasuka ukili mmoja, na kila mtu amebeba jiwe lile lile akimficha mwenziwe! Mimi nikimhurumia yeye kwa kutojua, na yeye akinihurumia mimi!

Nikamwambia, "Kombo ndiye aliyenambia, mama."

Akaniangalia. "Kombo alijua?"

"Alijua. Aliambiwa Msuka, siku ya harusi ile."

"Harusi ile? Miaka yote hiyo alijua?"

"Alijua, mama."

"Na akaniita mama?"

"Mpaka asubuhi ile. Si alikwambia umwekee kichwa cha samaki?"

Ndugu zangu, sijapata kusikia kilio kama kile, na hakikuwa cha huzuni! Alilia kama mtu aliyeteguliwa mwiba uliokaa mguuni tangu ujana. Alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Kwamba yeye na Mize walikuwa wakewenza wasiosemezana. Kwamba Mize alipokuwa anakata roho aliagiza mtoto apelekwe kwa Mwanashaame, na hilo tu ndilo neno lililowahi kupita baina yao kwa muda mrefu. Kwamba alimpenda mtoto yule mpaka akaogopa kumgawana na maiti. "Nikamnyima Mize hata dua ya mwanawe," alisema. "Mtoto hakuwahi kuinua mikono akasema mrehemu mama yangu Mize. Mie niliyezuia."

Nadhani Shehe naye nyuma ya pazia alikuwa anafuta macho, maana aliposema tena sauti yake ilikuwa nzito. Akasema, "Bi Mwanashaame, sikiliza. Qur'ani imewaita mama wale waliotunyonyesha. Hukusema uongo ulipomwita mwanao, wala Mwalimu wa Ole hakukosea alipomwita kwa jina lako. Ila Mize naye ana haki yake, na haki hailipwi kwa kulia. Mnataka nini? Talkini ya pili hailazimu. Lakini nitakwenda kaburini kuomba dua, na nitamtaja mnavyotaka."

Bi Mwanashaame akakaa sawa, akajifuta kwa pembe ya kanga. Akasema, "Mtaje hivi, Shehe: Kombo mwana wa Mize, aliyenyonyeshwa na Mwanashaame. Na jina la Mize litangulie."

Hamad akaja mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na hotuba. Akasema tu, "Shehe, nitakupeleka. Njia ya makaburini ina matope."

Wakaenda wote wawili mchana kweupe, wakapita mbele ya maduka na mbele ya msikiti, watu wamesimama wanawatazama. Hamad alinihadithia baadaye: "Dada, tulibishana siasa njia nzima. Mzee yule ana ulimi! Tulipofika kwenye kaburi la Kombo tukanyamaza." Na akanihadithia kwamba Mwalimu Haji aliwaona, akawafuata akidhani pana ugomvi. Alipoelezwa hakukasirika. Alichuchumaa upande wa pili wa kaburi, na Shehe alipoomba, Mwalimu Haji ndiye aliyeitikia aamin kwa sauti kubwa kuliko wote. Kombo mwana wa Mize, aliyenyonyeshwa na Mwanashaame! Jina la Mize likasikika hadharani katika ardhi ya Ole kwa mara ya kwanza!

Jioni ile Bi Mwanashaame alikula. Alikula kichwa cha samaki, ndugu zangu, na mimi nikamtazama mpaka mwisho.

Tangu hapo nilikaa eda yangu kwa amani. Sisemi sikulia, nililia, na bado nalia. Msiba haujaondoka. Hofu ndiyo iliyoondoka, na mtu asiyejua tofauti ya hayo mawili ajue kwamba iko, na ni kubwa kama bahari na birika. Nikiinua mikono sasa silioni rungu. Naona mji mzima umejaa nuru, kila mmoja mahali pake na kazi yake, na katikati ya mji ule Kombo wangu si mgeni. Wapo waliomjua tangu tumboni, na wapo waliokaa naye begani. Hata wale wawili wa mwisho ni watumishi wa Mola yule yule wa rehema, wanauliza kama walivyoamrishwa, hawaongezi!

Ndugu zangu, sijui nani hapa amezika na shaka. Labda ulichelewa kufika. Labda maiti wako hakusema neno la mwisho, labda siasa ilikuzuia kushika jeneza la ndugu yako na sasa unaona aibu hata kupita makaburini. Mimi nasema, usiikalie hofu peke yako chumbani! Mtazame aliyekaa na wewe mkeka mmoja, huenda anabeba jiwe hilo hilo. Na mtumaini Mola ambaye watumwa wake hawapotezi mtu. Alhamdulillahi! Alhamdulillahi wa shukurulillahi!

Hitima tunayoisoma leo ni ya Kombo, na ni ya Bi Mize pia, yake ya kwanza kutoka nyumbani kwetu. Bi Mwanashaame ndiye aliyeipika. Jana tukichambua mchele nilimuuliza kama bado anawaogopa Munkari na Nakiri. Akanitazama kama nimemuuliza jambo la kitoto.

"Niwaogope kwa nini?" akasema. "Wao si ndio waliomuona mwanangu mwisho? Wakija kwangu, kabla hawajafungua mdomo, nitawauliza mie kwanza: mlimkuta hajambo?"